Salamanca na Daftari za Dhuluma
Msafiri atakaye kuujua utawala wa Franco nchini Hispania na aanzie Salamanca, mji wa mawe ya rangi ya dhahabu, ambako mwaka 1936 jemadari huyo alifanya makao katika kasri ya askofu, akiiendesha vita dhidi ya serikali halali ya Jamhuri. Humo mjini zilikusanywa nyaraka zilizotekwa, barua, daftari za vyama na orodha za majina, wala si kwa ajili ya elimu, bali makarani wapate ushahidi wa kuwahukumu wenye nyaraka hizo. Na hazina hiyo hiyo, ajabu iliyoje, leo ndiyo tegemeo la wanahistoria na jamaa za waliodhulumiwa. Sura ya Franco iliyochongwa katika uwanja mkuu, ambayo wapinzani hawakuchoka kuirushia rangi, iliondolewa mwaka 2017, ilhali mwenyewe alifariki mwaka 1975.