Kunduchi: Kijiji Kilichotangulia Jiji

Wanafunzi wengi huingia darasani wakiamini kwamba historia ya Dar es Salaam inaanza na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kujenga pale Mzizima katika miaka ya 1860, kisha ikaendelezwa na Wajerumani waliohamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kwa jiji lenyewe, hesabu hiyo inakubalika. Kwa ardhi ambayo jiji limeikalia, haikubaliki hata kidogo. Ukitoka huku Madale ninakoishi, ukashuka kupitia Wazo na Tegeta, ukavuka Barabara ya Bagamoyo kuelekea baharini, unafika Kunduchi, kijiji cha wavuvi ambacho kilikuwa na msikiti wa mawe karne mbili na zaidi kabla Majid hajazaliwa.

Magofu hayo yamekaa karibu na mkono wa bahari wenye mikoko, katikati ya mibuyu. Msikiti hukadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16. Pembeni yake yapo makaburi ya nguzo, mengi yakiwa ya karne ya 18, na katika nguzo hizo mafundi walipachika bakuli na sahani za kaure kutoka China. Nyingi zimekwisha kubanduliwa, zimebaki duara tupu kwenye chokaa. Duara hizo zatosha kutueleza kwamba mzee aliyezikwa pale aliishi ndani ya biashara ya Bahari ya Hindi, iliyoletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi.

Msomaji asitarajie Kilwa. Hapa hakuna kasri, wala Ibn Battuta hakutuachia sifa zake kama alivyofanya kwa Kilwa aliyoizuru mwaka 1331. Lakini pwani yetu haikujengwa na masultani wa miji mikubwa peke yao. Ilishikiliwa na vijiji vya namna hii, vyenye bandari ndogo iliyokingwa na visiwa kama Mbudya, na vyenye kutegemeana na watu wa bara. Masimulizi ya Washomvi, ambao asili yao huhusishwa na Barawa, na ya Wazaramo chini ya Pazi, yanazungumzia mapatano ya aina hiyo: huyu ana bahari na chumvi, yule ana mashamba na silaha. Mwananchi wa leo anayedhani kwamba Mzaramo alikutwa porini na jiji angefaa kuyatafakari.

Kinachonivutia zaidi ni vifaa vya ujenzi. Msikiti ule ni matumbawe: mawe yake yalichimbwa pwani, na chokaa yake ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Sasa tazama mlima wa Wazo unaoonekana kutoka huko huko. Mawe yake ya chokaa nayo yametokana na miamba ya matumbawe ya kale, wakati bahari ilipokuwa juu zaidi. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji pale mwaka 1966, cha kwanza nchini. Mwaka uliofuata sensa ilihesabu watu wapatao 272,000 jijini. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Tofauti ni kipimo. Waliojenga msikiti walichukua tumbawe la kuwatosha, sisi tunaubeba mlima.

Na saruji haijengi bila mchanga. Mchanga wa ufukwe wa Kunduchi huletwa na mito, ikiwamo Tegeta na Mbezi, kisha mawimbi huusambaza kandokando ya pwani. Ukichotwa mtoni na kupakiwa kwenye malori kabla haujafika baharini, mawimbi hayasiti kwa sababu hiyo. Huendelea kuuhamisha mchanga uliopo bila kupata wa kuufidia, na ufukwe hulika. Baruti za wavuvi haramu zilipovunja miamba iliyopunguza nguvu ya mawimbi, hali ilizidi. Hoteli iliyojulikana kama Africana ilimezwa na mmomonyoko huo. Wengine wakajenga kuta za kuuzuia mchanga mbele ya majengo yao, na jirani aliye mbele ya mkondo akaukosa. Kila nyumba mpya ya Madale, Mivumoni na Goba ina sehemu ya ufukwe ule ndani ya kuta zake, ya kwangu ikiwamo.

Hapa ndipo sheria inapochekesha kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1863. Msikiti na makaburi vimo. Diko la samaki, mikoko, na njia ya wavuvi kuifikia bahari havimo, ingawa ndivyo vilivyoufanya msikiti uwepo mahali pale. Mtu aweza kulizungushia gofu uzio mzuri kabisa na kijiji kikaondoka nyuma yake, kipande kwa kipande, kwa mikataba halali ya viwanja.

Lakini sheria hiyo, baada ya marekebisho ya mwaka 1979, inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo zima kuwa hifadhi, si jengo moja tu, na Mji Mkongwe wa Bagamoyo umewahi kunufaika nao. Kunduchi ningeanzia kwenye mkono wa bahari, nikapita makaburini, nikaishia dikoni, na wavuvi ningewaketisha mezani kabla mpaka haujachorwa.