Nyani, nguruwe na sisi watu wa Makete

Wiki hii mabwenini mjadala ni mmoja tu: moyo wako umekwisha na uliopo ni wa nguruwe, utakubali? Mkinga mwenzangu kajibu fasta: "Mbona kitimoto tunakula, moyo wake una nini?" Watu wakacheka mpaka basi. Jirani yetu Mwislamu akasema taratibu kwamba kwenye dharura hata kilichoharamishwa huruhusiwa. Hapo hoja ya dini ikaishia.

Lakini mimi nimetoka Tandala, na kwetu swali hili lina upande mwingine kabisa. Twende na historia kidogo.

Mwaka 1964 kule New Orleans, mwalimu mmoja wa shule aliwekewa figo za sokwe. Akaishi miezi tisa, na kazini akarudi. Mwaka 1984 huko California mtoto mchanga akawekewa moyo wa nyani, akaishi wiki tatu hivi. Mwaka 1992 Pittsburgh, mgonjwa mwenye homa ya ini aina ya B akapewa ini la nyani, kwa sababu madaktari waliamini kirusi hicho hakiliwezi ini hilo. Aliishi siku 70. Huyo alikuwa na VVU pia.

Halafu Desemba 1995, San Francisco, Jeff Getty, mgonjwa wa UKIMWI, akapandikizwa uloto wa nyani. Uloto ndio wenye seli shina zinazozaa damu na kinga ya mwili, na ilidhaniwa seli za nyani zingehimili VVU. Baada ya wiki chache hazikuonekana tena mwilini mwake. Getty mwenyewe aliishi mpaka 2006.

Sasa hapo ndipo ninapokwama. VVU vyenyewe vilitoka kwa sokwe, kusini-mashariki mwa Kamerun, mwanzoni mwa karne ya 20, inaaminika kupitia damu ya mawindo. Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Baadaye kikafika kwetu milimani, na Makete ikajulikana nchi nzima kwa yatima wake. Utafiti wa taifa wa 2022/23 bado uliukuta mkoa wa Njombe ukiongoza, asilimia 12.7 ya watu wazima. Jamani, hakuna mzee wa Tandala aliyeulizwa kama anakubali kirusi cha mnyama kihamie kwa binadamu!

Ndiyo maana wasiwasi ule ule ukawafanya Wamarekani mwaka 1999 wasimamishe matumizi ya viungo vya nyani na sokwe. Wakageukia nguruwe: viungo vyake vinalingana na vyetu kwa ukubwa, anazaa haraka, na vali za moyo wake zilikuwa zikitumika tangu zamani. Januari 2022, Baltimore, David Bennett akawekewa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa vinasaba. Akafariki Machi, na kirusi cha nguruwe kikakutwa ndani yake. Hakikusambaa kwa wengine, shukrani. Lakini kilipita kwenye vipimo.

Kwa hiyo fomu anasaini mgonjwa mmoja, ila hatari ikitokea ni ya mkewe, nesi na kijiji kizima. Mgonjwa ana haki ya kujaribu, sipingi. Ndiyo maana hutakiwa kufuatiliwa maisha yake yote. Je, huku kwetu tutamfuatilia nani, kwa gari gani, barabara ya Makete msimu wa mvua?

Cha kushangaza, uloto ndio ulioleta jibu, ila wa binadamu. Mwaka 2007 Timothy Ray Brown, aliyekuwa Berlin na saratani ya damu, alipewa uloto wa mtu ambaye seli zake hazina mlango ambao VVU huingilia. VVU havikurudi tena mpaka alipofariki kwa saratani 2020. Ni njia ya hatari, si ya kila mtu. Dawa za ARV bado ndizo mkombozi. Lakini hapa nyumbani Muhimbili ilianza kupandikiza uloto 2021, na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2023 kwa watoto wenye sikoseli, wakichangiwa na ndugu zao.

Mimi ningeanzia hapo, kwa ndugu, kabla ya kwenda bandani. Nguruwe akija, waje pia wa kutueleza sisi majirani. Nyie mnasemaje?

Ngoja niwahi foleni ya msosi.