Konokono na Ugonjwa wa Kichocho

Kichocho ni ugonjwa wa kale. Katika mwaka wa 1910 tabibu Marc Armand Ruffer alichunguza figo za maiti za Misri zilizohifadhiwa kwa muda wa miaka 3,000 hivi, akakuta humo mayai ya minyoo yake. Minyoo yenyewe ilikuwa imekwisha onekana mwaka wa 1851, pale Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, alipoikuta katika mishipa ya damu ya maiti mjini Cairo. Lakini njia inayomwingilia mtu ilibaki fumbo kwa miaka zaidi ya sitini.

Aliyelikaribia fumbo hilo, kisha akapotea, ni Profesa Arthur Looss wa Cairo. Siku moja matone ya maji yenye mabuu ya safura yalimdondokea mkononi. Ngozi ikamwasha, na baadaye akaonekana kuwa na safura. Ndivyo alivyogundua kwamba mabuu hayo hupenya ngozi. Basi akadhani kichocho nacho ni vivyo hivyo: yai huanguliwa majini, na kijidudu kitokacho humwingia mtu moja kwa moja. Walionena habari za konokono hakuwasadiki. Ni ajabu kwamba ugunduzi wa kweli ndio uliomfumba macho.

Mwaka wa 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walithibitisha kwamba kichocho cha nchi yao hupitia kwa konokono. Vita Kuu ilipozuka, Waingereza waliwahofia askari wao waliokuwa Misri, wakampeleka huko Robert Leiper mwaka wa 1915. Leiper akaokota konokono katika mifereji ya kijiji cha Marg, karibu na Cairo, akawachunguza. Akaonyesha kwamba kijidudu cha yai hakimwambukizi mtu. Sharti kimpate konokono kwanza. Ndani yake huzaana kwa majuma kadhaa, kisha hutoka mabuu maelfu yenye mkia wa panda, na hayo ndiyo yapenyayo ngozi. Hayaishi zaidi ya siku mbili hivi. Maji yasiyo na konokono yakitulizwa muda huo, hatari hutoweka.

Wengi hudhani kichocho ni ugonjwa wa mashamba tu. Watazame Kisumu. Ufukoni mwa Ziwa Viktoria konokono hujishika katika majani, na mabuu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zile zile vijana waosha magari wanaposimama majini. Tangu miaka ya 1990 wataalamu waliwafuatilia vijana hao. Walipewa prazikwanteli, minyoo ikafa, wakarudi kazini, wakaambukizwa upya. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, miili yao ilijenga kinga ya kiasi. Wengine haikujenga, nao waliendelea kushuka ziwani na ndoo zao, maana gari hulipiwa likiisha oshwa.