Viti Viwili: Mkuu wa Nchi na Mkuu wa Chama



Wazee wa Rubafu wanajua kwamba ngoma na amri si kitu kimoja. Bugabo ilikuwa mojawapo ya nchi za Wahaya, na kila nchi ilikuwa na Mukama wake. Walipokuja Wajerumani, na baada yao Waingereza, ngoma ilibaki kwa Mukama, lakini amri nyingi zilitoka boma la Bukoba. Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru ikauondoa utawala wa machifu wote. Kumbukumbu hiyo itatusaidia kufahamu habari ya leo: wakuu wa nchi zilizotawaliwa na chama kimoja.

Tuanze na Urusi, ambako Wakomunisti walishika utawala mwaka 1917. Tangu mwaka 1919 aliyeitwa mkuu wa nchi alikuwa Mikhail Kalinin, mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mkulima. Yeye alitia sahihi sheria, akapokea mabalozi, akasikiliza maombi ya watu wa vijijini. Lakini tangu mwaka 1922 Katibu Mkuu wa Chama alikuwa Joseph Stalin, na nguvu ikahamia kwake. Mwaka 1938 mke wa Kalinin alikamatwa, akapelekwa katika kambi ya wafungwa, akakaa huko mpaka mwaka 1945. Miaka hiyo yote mumewe alikuwa angali mkuu wa nchi, wala hakuweza kumfungulia mlango mkewe mwenyewe.

Huko Uchina, mwaka 1959 Baraza la Taifa lilimchagua Liu Shaoqi awe Mkuu wa Nchi, na Mao Zedong akabaki Mwenyekiti wa Chama. Wahenga walisema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1968 mkutano wa Chama ulimfukuza Liu na kumvua vyeo vyake vyote, hata kile alichopewa na Baraza. Mwaka 1969 alifariki kifungoni katika mji wa Kaifeng. Heshima yake ilirudishwa mwaka 1980, naye amekwisha kufa.

Sasa turudi kwetu. Tanzania haikuwa nchi ya Kikomunisti; ilifuata Ujamaa wake yenyewe. Lakini tangu mwaka 1965 sheria iliamuru chama kimoja: TANU upande wa bara, na Afro-Shirazi upande wa Zanzibar. Katika uchaguzi wa mwaka huo, kwa kiti cha Rais lilikuwapo jina moja tu, la Julius Nyerere, na mpiga kura alijibu Ndiyo au Hapana. Kwa viti vya Bunge mambo yalikuwa mengine. Mahali pengi Chama kiliweka watu wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, nao raia wakachagua. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Basi mkulima aliweza kumwondoa waziri, lakini Rais hakuwa na mpinzani.

Mwaka 1975 katiba ilikiri kwamba Chama ndicho chenye kauli ya juu, na mwaka 1977 vyama vile viwili viliungana vikawa CCM. Maana ya neno hilo ilionekana mwaka 1985. Nyerere aliacha urais kwa hiari yake, akampisha Ali Hassan Mwinyi; lakini uenyekiti wa Chama aliushika hata mwaka 1990. Kwa miaka mitano Rais alikaa katika kiti kimoja, na mwalimu wake katika kiti kingine kilichokuwa juu ya kile. Hapakuwa na kifungo wala damu kati yao, na tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi.

Kwa hiyo, ninyi vijana msomao historia, mkikuta jina la mkuu wa nchi yo yote, msitosheke na cheo chake. Ulizeni ni nani aliyempa kiti hicho, na ni nani awezaye kumwondoa. Majibu hayo mawili ndiyo yatakayowaonyesha amri ilikokaa.