Peugeot ya Babu

Baba mdogo alitaka kuiuza kwa kilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshapanda kutoka Voi na mizani yake. Peugeot 504 ya Babu, wagoni, ilikuwa imelala chini ya mwembe hapa Mbololo miaka miwili, tangu tumzike. Nikaomba siku moja tu. "Ikikataa kuwaka, ichukueni."

Wacha nikuambie hii gari ni ya ukoo gani. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968. Ove Andersson akashinda na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akarudia 1978. Lakini huku kwetu haikupendwa kwa vikombe. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe watu bila leseni maalum ya usafiri wa umma, na wagoni za Peugeot zikaingia safari ndefu. Ya Babu ilishusha mboga na wanafunzi, na usiku wa manane, akina mama wenye uchungu hadi hospitali ya Voi. Baba mdogo mwenyewe karibu azaliwe kwenye kiti cha nyuma. Sheria za Michuki zilipoanza 2004, Babu akaiacha iwe ya nyumbani.

Nilianza na injini. Nikatoa plagi nne, nikadondosha oili kidogo kwa kila silinda, nikaizungusha kwa mkono. Ilikuwa nzito, lakini haikuwa imeshika. Mafuta ya zamani nikayamwaga, nikaazima betri ya Probox ya jirani.

Hakuna cheche. Nikafungua kifuniko cha distributa: pointi zilikuwa nyeusi tititi. Mfumo huu ni wa kina Charles Kettering, Mmarekani, kabla ya Vita vya Kwanza. Volti 12 zinapita kwenye koili. Pointi zikiachana, umeme unakatika ghafla, na koili inarusha maelfu ya volti hadi kwenye plagi. Pointi zikiungua, basi. Msasa wa shilingi chache unatosha kuzirudisha. Jaribu hiyo na gari ya kompyuta.

Ila lazima ziachane milimita 0.4, na kipimo sina. Ndani ya dashibodi nikapata kadi ya harambee, imekatwa kona, ina alama za oili. Kumbe hiki ndicho kilikuwa kipimo cha Babu! Nikaiingiza kati ya pointi, nikakaza skrubu, nikarudisha waya kwa mpangilio wake: 1-3-4-2.

Mara ya kwanza ikakohoa. Ya pili, moshi. Ya tatu ikashika, kuku wakatawanyika.

Baba mdogo alisimama mlangoni kimya. Halafu akamwambia yule wa mizani arudi Voi, akanyoosha mkono kwangu.

"Hebu nionyeshe hiyo kadi."