Vyombo vya kale vya fedha vya Marekani: alama zake zinasema nini?

Leo tunaeleza kuhusu madini ya fedha, yale yanayofuliwa vijiko, vikombe na mabakuli. Chombo cha kale kutoka Marekani huwa na alama ndogo chini ya kitako au nyuma ya mpini. Asiyejua kuisoma anaweza kununua nikeli kwa bei ya fedha.

Uingereza ina ofisi maalumu za kupima fedha na kugonga mihuri. Marekani haikuwa na utaratibu huo kwa nchi nzima. Mji wa Baltimore uliwahi kuwa na mpimaji wake kisheria, kuanzia 1814 hadi 1830. Kwingineko, alama ilikuwa neno la sonara mwenyewe. Kwa hiyo tazama mambo haya:

Jina. Masonara wa zamani waligonga jina au herufi za kwanza za jina. Paul Revere wa Boston, aliyefua bakuli mashuhuri la Wana wa Uhuru mwaka 1768, aligonga REVERE ndani ya mstatili. Kwa sababu ya thamani yake, alama hiyo hughushiwa.

Kiwango. COIN ni kiwango cha sarafu, takriban sehemu 900 za fedha kati ya 1,000. STERLING ni sehemu 925. Sheria ya mwaka 1906 ilikataza kugonga kiwango cha uongo.

Picha. Simba, nanga na herufi G ni alama ya Gorham, kampuni iliyoanzishwa Providence mwaka 1831. Wengi wakiona simba hudhani chombo ni cha Uingereza. Kuanzia 1868, Gorham iliongeza herufi ya kuonyesha mwaka.

Mitego. EPNS maana yake ni nikeli na shaba iliyopakwa fedha kwa umeme. GERMAN SILVER haina fedha hata chembe. Na 1847 ROGERS BROS ni jina la biashara la vyombo vya kupakwa. 1847 si mwaka kilipotengenezwa chombo hicho.

Sumaku peke yake haitoshi: fedha hainasi, lakini hata shaba hainasi. Piga picha ya alama kwa simu, uikuze, usome kila herufi. Usiisugue, maana ikifutika, ushahidi umepotea. Ukiwa na shaka, mpelekee sonara akipime kabla hujatoa pesa.