Mlio na Kelele: Habari za Jeti za Zamani Katika Anga la Kikatiti

Kikatiti ni mji mdogo katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, kusini-mashariki ya Mlima Meru. Kutoka hapo nchi yashuka kuwa mbuga kavu ya Sanya, na katika mbuga hiyo ulijengwa uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, nayo imeelekezwa mashariki na magharibi. Kwa hiyo ndege ipitayo upande wa magharibi haiwi mbali na masikio ya watu wa Kikatiti. Mtu aliyekuwa mtoto huko katika miaka ya 1970 alizisikia ndege za namna ambayo mtoto wa leo haijui kwa sikio.

Wako watu, hasa Ulaya na Marekani, ambao kazi yao ya mapumziko ni kusimama kandokando ya viwanja, kuzitazama ndege na kuandika nambari zake. Kuwaita kwa Kiswahili watazamaji wa ndege ni kuleta utata, maana jina hilo lawafaa vilevile wale watazamao korongo na tai. Lugha yetu hutofautisha viumbe na vyombo kwa upatanisho tu, ndege huyu na ndege hii. Wengi miongoni mwa watazamaji hao huzililia jeti za zamani, na wakiulizwa sababu hutaja kwanza sauti yake. Jambo hili lashangaza, maana sauti hiyo ndiyo iliyowaudhi majirani wa viwanja hata sheria zikatungwa.

Habari ya sauti hiyo yaanza mapema katika Afrika ya Mashariki, mapema kuliko wengi wadhanivyo. Tarehe 2 Mei 1952 ndege Comet ya shirika la BOAC ilitoka London kwenda Johannesburg, nayo ndiyo safari ya kwanza duniani ya jeti kuchukua abiria kwa nauli. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Basi watu wa Entebbe walizoea jeti ya abiria miaka sita kabla ya huduma ya namna hiyo kuvuka bahari ya Atlantiki kwenda New York. Mwaka huohuo wa 1952 mtaalamu Mwingereza, James Lighthill, alichapisha hesabu zake juu ya sauti izaliwayo na mwendo wa hewa. Alionyesha kwamba nguvu ya mlio wa hewa itokayo kwa kasi huongezeka kwa kipeo cha nane cha kasi hiyo. Yaani, kasi ikipunguzwa nusu, nguvu ya mlio hushuka kuwa sehemu moja ya 256. Injini za kwanza zilitoa hewa chache kwa kasi kubwa mno, na ndiyo sababu zilipasua masikio.

Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilipata Comet zake mwaka 1960, na tangu 1966 likapokea Super VC10, jumla yake tano. VC10 ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya juu na vya joto kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji nguvu nyingi ili kuondoka. Injini zake nne aina ya Conway zilifungwa mkiani. Kwa sababu hiyo abiria, ambao wengi walikaa mbele ya injini, walisifu utulivu wa ndani, na aliyesimama chini akapokea ngurumo yote. Sifa za ndege hii zimeandikwa zaidi na waliokaa ndani. Tena isisahauliwe kwamba moja ya hizo tano iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 wakafariki.

Shirika hilo lilivunjika mwanzoni mwa 1977, likazaliwa Shirika la Ndege la Tanzania. Wanahistoria huuhesabu mwaka huo kuwa mpaka mkubwa, na kwa siasa ni kweli. Kwa sikio si hivyo. DC-9 za shirika la zamani na Boeing 737-200 za shirika jipya ziliendeshwa na injini za aina moja, JT8D. Rangi na nembo zilibadilika, mlio ukabaki uleule.

Kilichoufuta mlio huo ni sheria pamoja na ufundi. Mwaka 1971, mwaka uleule wa kufunguliwa uwanja wa Kilimanjaro, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilitoa kanuni zake za kwanza juu ya kelele za ndege. Na tangu Aprili 2002 Ulaya ilizifungia milango jeti za kundi la kelele nyingi. Upande wa ufundi, katika JT8D hewa ipitayo nje ya moto ilikaribia kuwa sawa na ile ipitayo ndani. Katika Airbus A220, ambazo Shirika la Tanzania lilianza kuzipokea mwaka 2018, ya nje ni mara 12 ya ile ya ndani. Hewa nyingi hutoka polepole, na hesabu ya Lighthill hufanya yaliyobaki.

Hapa Kiswahili chasaidia kufikiri. Mlio ni sauti ya kitu chenyewe. Kelele ni hukumu ya msikilizaji. Aliyelala karibu na uwanja wa London, ambako jeti zilifuatana mchana kutwa, alisikia kelele, na alikuwa na haki. Kikatiti ndege zilikuwa chache, na baina ya moja na nyingine palikuwa na kimya kirefu. Mahali kama hapo sauti ile iliweza kubaki mlio, ishara ya saa na ya safari za wengine. Mtazamaji wa Ulaya naye huenda uwanjani apendapo, kisha hurudi nyumbani kwake kwenye utulivu. Yaonekana, basi, kwamba asikitikiacho si ukubwa wa sauti. Ni ile elimu ya kuitambua ndege kabla ya kuiona, ambayo injini za leo, kwa kufanana kwake, zaelekea kuiondoa.

Super VC10 nne zilizosalia ziliingia katika jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kubeba mafuta. Mnamo Septemba 2013 watu walikusanyika kuziaga VC10 za mwisho. Ndege iliyofanya safari ya mwisho kabisa ya aina hiyo, tarehe 25, iliitwa ZA147. Zamani ilikuwa 5H-MMT, yenye herufi za Tanzania. Nyingine, ZA150, ambayo zamani ilikuwa 5H-MOG, ilitua Dunsfold siku moja kabla, ikahifadhiwa. Chuma kina watunzaji wake huko, na mngurumo wake umenaswa katika vinasa sauti. Maneno ambayo wakulima na wachungaji wa pande za Kikatiti, kwa Kimeru, kwa Kimasai na kwa Kiswahili, walitumia kuitofautisha ndege moja na nyingine kwa mlio wake yafaa yakusanywe sasa, wakiwapo bado waliosikia.